Marekani na Kopo la Dawa la Mama

Wateja wangu hapa Mandewa wananiita Mmarekani. Wakija kuchukua gauni au kupunguza suruali wanakuta redio iko juu ya meza ya cherehani, sauti imefunguliwa, na mimi nimeinamisha shingo nasikiliza habari za watu ambao hawajui hata kama Singida ipo. "Fundi, hao watu wamekulisha nini?" ananiuliza jirani yangu, mama muuza vitumbua, ambaye kibaraza chake kimegusana na changu. Tunacheka. Lakini kicheko changu siku hizi ni cha kuzugia tu. Taarifa ya habari ikianza, ule mlio wake wa kwanza kabla mtangazaji hajasema neno, mguu wangu unaacha kukanyaga cherehani wenyewe. Naogopa. Nasema wazi kwa sababu nimechoka kujifanya kwamba napenda tu kujua mambo. Mama yangu mzazi anaishi kwa kidonge, na kidonge hicho kinalipiwa na watu hao.

Zamani sikuwa na hofu yoyote. Zamani Marekani ilikuwa burudani.

Nimekulia Shelui, pale malori yanapopumzika baada ya kuteremka mlima wa Sekenke. Wazazi wangu walikuwa na hoteli, na ninaposema hoteli mtu asifikirie ghorofa. Ilikuwa mabenchi na paa la bati, masufuria ya mama nyuma na redio ya baba mbele. Mama alipika, baba aliongea. Huo ndio ulikuwa mgawanyo wao wa kazi. Madereva wa kwenda Mwanza, Rwanda mpaka Kongo walikaa, wakaagiza ugali na nyama, halafu ubishi ukaanza. Wakimaliza mpira, siasa za hapa nyumbani hakuna aliyetaka kuzizungumza ovyo mbele ya mtu asiyemjua. Ikawa inabaki Marekani. Marekani ilikuwa salama. Ungeweza kumtukana rais wa Marekani mchana kweupe, polisi anakula meza ya pili, naye anachekelea na mfupa mkononi.

Baba alikuwa amesikia kwamba vyama vyao vikubwa vina alama za wanyama, kimoja tembo, kingine punda. Basi, kwake ikaishia hapo. Hakutaka kusikia sera wala nini. "Mimi ni Punda," alitangaza. Hoja yake ilikuwa kwamba punda anabeba maji, anabeba magunia, hana makuu. Tembo amewahi kumfanyia nani jema? Dereva mmoja aliyekuwa na shamba huko Mitundu, ambako tembo wakiingia kwenye mahindi kijiji kizima kinapiga madebe, alimuunga mkono kwa ngumi ya meza, chai ikamwagika. Wengine wakawa Tembo kwa ubishi tu, kama watu wanavyogawana timu za mpira. Matokeo ya kule yakitangazwa, walioshindwa waliwanunulia wenzao chai. Mimi nilikuwa Punda wa damu. Nilikuwa bado mdogo, ndala zinanizidi, lakini ungenichokoza kuhusu Punda ungejuta.

Mama alikuwa anachungulia kutoka jikoni, jasho linamtiririka. "Na hao Punda wenu wakishinda, ndio wataniletea kuni?" Wanaume wakacheka mpaka wakapaliwa. Baba akajibu kwamba siasa ni mambo mazito, mwanamke ageuze nyama. Ninapoikumbuka hoteli ile nasikia kwanza kicheko, halafu moshi.

Baba aliugua nilipokuwa namaliza darasa la saba. Miaka ile watu wa barabarani walikuwa wanapukutika. Leo unamuuliza dereva fulani yuko wapi, wenzake wanatazama sahani. Ugonjwa wenyewe kwetu haukutajwa jina. Tulisema "anaumwa", kwa sauti ya chini, na kila mtu akaelewa. Dawa ilikuwepo, nasikia, huko kwa wenye uwezo, lakini kwa mtu wa Shelui ilikuwa hadithi. Alikwisha tukiwa tunamtazama. Tukazika, hoteli ikafungwa, mama akarudi kijijini kwao, mbele kidogo ya Shelui, kulima mtama na alizeti. Mimi nikaja Singida mjini kujifunza kushona kwa mama mdogo.

Miaka ikaenda. Siku moja nikapanda gari kwenda kumsalimia mama, nikamkuta kanga inamzunguka na kubaki. Alikuwa anachagua mbegu za alizeti kwenye ungo, mikono imebaki mishipa. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu, mbona unanitazama hivyo?" Nilikuwa namtazama hivyo kwa sababu nilishauona mwili wa namna ile. Nilirudi mjini nikiwa nimeshamzika kichwani. Nilishona sare za watu huku nawaza nani atamwosha, nani atatoa sanda, mimi mtoto wa pekee nitamwita nani.

Halafu ukaja uvumi kwamba hospitali wanatoa dawa za kufubaza virusi, bure. Bure! Nikasema hapa kuna mtego, bure ya nani? Lakini nikamchukua mama, tukakaa kwenye benchi na watu ambao kila mmoja alikuwa anatazama ukuta ili asitazamwe. Nesi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kugombeza hata anapokubembeleza, akatueleza kidonge kinamezwaje na akasema dawa zinalipiwa na Wamarekani. Nikamuuliza Wamarekani gani. Akanishangaa. "Wamarekani wa Marekani, dada. Kwani wewe una wengine?"

Nikaanza kucheka peke yangu pale kwenye benchi, mama akanifinya akidhani nimechanganyikiwa. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nafuatilia redio, na nilijua kwamba aliyekuwa anatawala kwao wakati ule alikuwa mtu wa Tembo. Masikini baba! Maisha yake yote amewabeba Punda mgongoni, na dawa imeletwa na Tembo, tena imechelewa, imemkuta yeye yuko chini. Kicheko kikageuka kilio, nesi akanipa karatasi nijifute. Siku ile nikahama chama.

Mama alipona. Nasema alipona ingawa nesi alikuwa anatukataza kutumia neno hilo. Kidonge kila siku jioni, ameshakula, basi. Mwili ukarudi, mashavu yakarudi, na akaanza tena kugombana na majirani kuhusu kuku wao wanaoparua bustani yake. Nilipompigia simu nikasikia anamfokea mtu nyuma, nilifurahi kuliko Krismasi. Kanisani, kwenye maombi ya kimyakimya, nilikuwa nawataja na viongozi wa Marekani. Muumini wa pembeni yangu angenisikia angeomba nitolewe nje.

Ilikuwa mapenzi ya kipofu, sikatai. Mtu akiisema Marekani vibaya kwenye kibanda changu, nguo yake ilichelewa. Wakati walipokuwa wanapigana vita kwenye nchi za watu, jirani yangu muuza vitumbua, ambaye ni Mwislamu wa swala tano, alisimama mbele ya redio yangu akiwa na upawa mkononi, machozi yanamtoka. "Sikia wanavyowafanya watoto wa watu, fundi. Sikia." Ningesema nini? Waliotupa mabomu kule na waliomrudishia mama yangu uhai walikuwa walewale, serikali ileile, saini ileile. Nilipunguza sauti nikamwambia pole. Jioni ile ndipo hofu iliponiingia mara ya kwanza, hofu ndogo, kama kijiwe kwenye kiatu. Niliwaza kwamba watu hawa wanaweza kuamua lolote, la heri au la shari, na sisi huku tutaambiwa na mtangazaji.

Lakini moyo wa binadamu unazoea. Tembo wakatoka, Punda wakaingia, wakapokea tena Tembo, na kopo la mama likawa linajazwa vilevile. Nikaona aah, kumbe kelele zote zile ni za juu juu. Nikaacha kuwa Tembo, sikurudi kuwa Punda. Nikawa na imani nyingine ya mtu mzima, kwamba chini ya siasa zao kuna kitu ambacho hakiguswi, wanagombana sebuleni lakini msingi wa nyumba hawauchimbi. Hata siku ile watu wao walipovamia jengo la bunge wakipinga matokeo, na mteja mmoja akapiga makofi akisema "Mwe! Kumbe na wenyewe wamo!", mimi nilikunja uso kama vile nimetukaniwa ukoo. Nikamwambia watarudi kwenye mstari, wale sio kama sisi. Nilisema hivyo na sindano mdomoni.

Halafu ikaja Januari ile, msimu wa sare za shule. Nilikuwa natia zipu kwenye sketi, kibanda kimejaa vitambaa vya bluu. Mtangazaji akasema Marekani imesitisha misaada yake kwa nchi za nje, ikiwemo ya afya.

Imesitisha. Hebu nyie mnaokijua Kiswahili niambieni, kusitisha ni nini hasa? Mtu akisitisha safari, ameahirisha au hatakwenda tena? Mkutano ukisitishwa, watu wanarudi kesho au wamekwenda kulala moja kwa moja? Vita vikisitishwa, kila askari anaendelea kushika bunduki yake. Ni neno la mlango ulioegeshwa, hujui kama kuna mtu ndani. Mimi nimelelewa na redio, maneno ya redio ndiyo yamenifundisha Kiswahili cha maana, na siku ile nilikodoa macho pale kwenye zipu kama mgeni.

"Maana yake wamekata?" jirani yangu akauliza kutoka kwenye kikaango chake. Anajua habari ya mama, ndiye mtu pekee niliyemweleza.

"Wamesitisha."

"Ndio nakuuliza, wamekata?"

"Sijui! Kwani mimi ni balozi wao?" Nilimfokea mpaka wapita njia wakageuka. Aliniletea vitumbua vimefungwa kwenye gazeti akaviweka juu ya meza, akarudi kukaa.

Jioni mama akapiga. Kijijini kwao redio moja inasikilizwa na nyumba nyingi, habari ilikuwa imeshamfikia. "Hao watu wako wamesema nini?" aliniuliza baada ya salamu. Watu wangu! Nikamwambia wamesitisha. "Kusitisha ndio nini? Wamekoma au wanapumzika?" Nilimjibu kama redio yenyewe ilivyoeleza baadaye, kwamba ni kwa muda, mpaka wachunguze mambo yao, na kwamba dawa alizonazo aendelee nazo. Alikuwa ametoka kupewa za miezi mingi kwa pamoja, kama wanavyopewa wagonjwa wanaoendelea vizuri.

"Kwa muda," akasema.

"Ndiyo mama, kwa muda."

"Haya. Nimeelewa." Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa, na mimi nikajikuta nimetulia pia.

Wiki zilizofuata sizitamani hata kwa adui yangu. Leo redio inasema dawa za kuokoa maisha zimeruhusiwa, kesho inasema watu wamefukuzwa kazi kwenye miradi, keshokutwa mahakama yao imezuia, halafu mahakama nyingine imefungua. Nilikuwa najua majina ya majimbo yao, najua nani anachaguliwa vipi, najua bunge lao lina nyumba mbili, na ujuzi wote ule haukunisaidia hata kujua kama mama yangu atakuwa na kidonge msimu wa kuvuna. Nilikata kitambaa cha mteja kinyume. Nikaanza kuota baba amekaa kwenye benchi la hoteli, anaongeza sauti ya redio, na mimi namwomba aizime, hanisikii. Kila siku nilimpigia mama. "Unameza dawa?" "Nameza." Hakunidanganya. Alikuwa anameza.

Mtama ulipoanza kutoa masuke nikasikia kikohozi kwenye simu. Akasema ni vumbi. Vumbi la wapi wakati wa mvua? Asubuhi yake nikafunga kibanda, nikamwachia jirani ufunguo, nikaondoka.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, amejifunika shuka wakati jua liko kichwani. Kanga inamzunguka na kubaki. Nikashika ukuta. "Shikamoo mama," nikasema, sauti yangu mwenyewe nikaisikia kama ya mtoto. Akaitikia, akakohoa mpaka akapinda, akajifuta, halafu akatabasamu. Alikuwa na jambo la kunionyesha. Akaniita ndani, akatoa kopo lake la dawa, akalitikisa. Lilikuwa zito.

"Ona," akasema. "Bado limejaa."

Pembeni, juu ya kitambaa safi cheupe, kulikuwa na wembe na vidonge vilivyokatwa. Alikuwa amevikata vizuri, ana mkono mwepesi, mimi nimeurithi kwake. Akanieleza bila kificho chochote, tena kwa fahari. Alianza na nusu, siku ileile tuliyoongea kwenye simu. Alivyoona mwezi umepita na sina jipya la kumwambia, akashuka kwenye robo. "Kwa mwendo huu," akasema, "zitanifikisha mpaka mavuno ya mwakani. Hao watu wako watakuwa wameshamaliza kupumzika."

Yeyote aliyekulia vijiji vyetu vya Iramba ataelewa alichofanya mama. Mwezi wa kwanza kwetu ndio kihenge kinaanza kuonyesha chini. Mtama wa mwaka jana unakwisha, wa mwaka huu uko usawa wa goti. Hakuna mama anayesubiri kihenge kiwe kitupu ndipo ashtuke. Anabana mapema. Ugali wa mchana unageuka uji, uji wa asubuhi unafutwa, kipimo kinapungua kidogo kidogo, watoto hawajui hata kilipoanza kupungua. Mama alinilea hivyo kwenye miaka mibaya, na sikufa. Kwake yeye, habari ya kwamba kitu kimesimama kwa muda ilikuwa na jibu moja tu, na jibu hilo alilijua tangu yuko mgongoni kwa mama yake.

"Mama!" nilipiga yowe. "Mama, dawa sio mtama!"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu. Wewe ndiye uliyesema ni kwa muda."

Masikioni nilikuwa namsikia yule nesi wa zamani mwenye sauti ya ugomvi, akituambia kwamba ukimeza nusunusu unawafundisha virusi kupigana, na wakishajua kupigana hata kidonge kizima hawakiogopi. Nilihesabu miezi nikaacha kuhesabu. Nikatoka nje nikaita bodaboda kwa sauti ambayo watu walidhani kuna moto.

Kituo cha afya kilikuwa na nesi mwingine, binti mdogo, mpole. Alimsikiliza mama, akamtazama, akanitazama. "Bibi," akasema, "dawa zipo. Hapa kwetu hazijawahi kukosekana hata siku moja." Akasimama akafungua kabati. Makopo yalikuwa yamepangwa, meupe, mistari kwa mistari. Sijui niseme nini kuhusu makopo yale. Nilikuwa nimeogopa kabati tupu muda wote ule, nimeliota, nimeliombea, na hapo lilikuwa limejaa, na mama yangu alikuwa amejinyima mpaka amebaki mifupa.

Nikamuuliza kwa nini hakuna aliyekwenda kuwaambia wagonjwa. Sikuuliza vizuri, nilikuwa nabwata. Binti wa watu hakukasirika. Akanikumbusha yule mama mhudumu wa afya aliyekuwa anazunguka vijijini. Nilimjua. Alikuwa anamtembelea mama kila mwezi, wanaongea Kinyiramba chao, anakunywa uji, anafungua kopo anatazama, anamtania, anaondoka. "Mradi uliokuwa unamlipa ndio uliositishwa," nesi akasema. "Waliambiwa wasitoke tena. Dawa zilibaki, dada. Walioondolewa ni watu."

Yule mama angeuona wembe siku ya kwanza. Angeingia tu mlangoni, angeuona, angemsema mama kwa lugha yao, na mambo yangekwisha kwa kicheko. Nilikaa kwenye benchi nikashika kichwa. Miaka yote nimewaza Marekani kama kitu kikubwa, tembo, punda, majeshi, mahakama. Sikujua kwamba Marekani iliyokuwa inamlinda mama yangu ilikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya plastiki na mkoba wa begani, na sikuwahi hata kumshukuru. Nilitamani kumpigia simu kiongozi mmoja wa kule nimtukane Kinyiramba. Halafu hasira ikaondoka, ikabaki hofu peke yake.

Walipima kohozi, ikawa kifua kikuu. Damu wakaituma mjini kuangalia wingi wa virusi. Nesi akanivuta pembeni ya mlango. "Akianza leo dawa za kifua, na zake akameza kizima kila siku bila kuruka, tunaweza kumvuta. Akiendelea kubana, dada yangu, sitaki kukudanganya." Tukapewa mfuko wa dawa, tukarudi.

Jioni nilipika uji wa mtama, mama akanywa kidogo. Dawa za kifua akameza bila neno. Nikampa kidonge kile kingine, kizima. Akakiweka kwenye kitambaa cheupe, akachukua wembe.

"Mama, umemsikia nesi. Zimejaa kabati."

"Leo zimejaa." Alisema taratibu, pumzi zinakatika. "Kesho watasema nini? Nikizoea kizima halafu wakafunga, nitaondoka mara moja. Nikibana, mwili unazoea kidogo. Mimi najua kubana, mwanangu. Usinifundishe."

Nikambembeleza. Nikamtisha. Nikalia. Nikamwambia nesi amesoma, anajua. "Nesi anajua dawa," akasema. "Hawajui Wamarekani. Wewe ndiye unayewajua. Umewasikiliza tangu ndala zinakuzidi, baba yako akakuharibu. Mimi sijawahi kukuuliza habari zao. Leo nakuuliza. Watabadilika tena?"

Swali lenyewe ndilo hilo, na mtu wa kujibu alikuwa mimi. Ningemweleza ukweli ningesema, mama, sijui. Zamani nilidhani najua. Nilidhani kuna msingi usiochimbwa. Sasa mtu mmoja anaweza kuamka kule, akaweka saini, na neno likasafiri mpaka likawa wembe mkononi mwako, na hakuna aliyekusudia wala atakayejua. Nilifungua mdomo, nikauona mkono wake juu ya kidonge, wembe umeshagusa katikati.

"Hawatabadilika," nikasema.

"Apa."

"Mama, jamani."

"Apa." Akafungua kifungo cha blauzi, akashusha shuka. "Apa kwa ziwa hili ulilonyonya."

Kwetu hakuna anayeapa hivyo kwa mzaha. Ni kiapo cha kukomesha ugomvi wa ndugu, wa mashamba, wa damu. Mtu akiapa uongo kwa ziwa la mama yake, watu hawamshtaki popote, wanamwacha tu na wanasubiri. Mimi ni Mkristo, naimba kwaya, na bado nilikuwa naogopa.

Nikaweka mkono. Ngozi ilikuwa ya moto kwa homa, na chini ya ngozi moja kwa moja ubavu. Nikaapa kwamba Wamarekani hawatabadilika, kwamba dawa zitakuja mwaka huu na mwakani na miaka yote atakayoishi. Niliapa kwa sauti kubwa, bila kusita.

Mama alinitazama machoni, akatazama tena. Kisha akauweka wembe chini, akachukua kidonge kizima, akaniambia nimletee maji.